Motokari ya Zamani Haiwaki: Tuanze na Swali Gani?

Wamama wapenzi, wiki hii tutasoma juu ya kitu ambacho pengine hakuna mmoja wetu atakayekinunua: motokari ndogo ya mbio kutoka Uingereza, ya miaka ya 1960. Najua kuna mama atakayesema: «Mwalimu, sisi tunahangaika na bei ya unga na pesa za shule, wewe unatuletea motokari ya Wazungu?»

Ana haki ya kuuliza, na jibu ni hili. Mashine ya kusaga mihogo ya kikundi ina motere. Jenereta ya dispansari ina motere. Pikipiki ambayo mtoto wetu anafanyia teksi ina motere. Siku inaposimama, pesa za likelemba zinatoka, na mara nyingi zinatoka bure kwa sababu hakuna aliyeuliza swali la kwanza mbele ya lile la tano. Motokari hizi za zamani ni kitabu kizuri cha kujifunzia. Hazina kompyuta. Ukifungua kofia ya mbele unaona kila waya na kila bomba. Na wenye nazo wamezitengeneza kwa miaka mingi mpaka magonjwa yake yote yanajulikana, kama mama mwenye watoto kumi anavyojua homa inavyoanza.

MGB ni motokari gani?

Tuchukue moja tu: MGB. Herufi MG zinatoka katika jina Morris Garages, nyumba ya biashara ya mji wa Oxford, ambako bwana Cecil Kimber alianza kutengeneza motokari nyepesi za mbio katika miaka ya 1920. MGB yenyewe ilitoka katika kiwanda cha Abingdon, mji mdogo karibu na Oxford, tangu 1962 mpaka 1980, mwaka ambao kiwanda hicho kilifungwa. Zilitengenezwa zaidi ya 500,000, na nyingi zilipanda meli kwenda Marekani. Ina viti viwili mbele na paa la turubai la kukunja. Mwaka wa 1965 ikaongezwa ya paa la chuma, inayoitwa GT.

Motere yake ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,798. Si motere ya ajabu. Ni ndugu ya motere zilizotumika katika motokari za kawaida za familia za Waingereza wakati ule. Ndiyo maana vipuri vyake vinapatikana hata leo. Tangu 1988 kuna kampuni huko Uingereza, British Motor Heritage, inayotengeneza hata mwili mzima wa MGB kwa kutumia vyombo vya kiwanda cha zamani.

Moto wa mbabula na moto wa motere

Mbele ya kutafuta ugonjwa, tujue afya ni nini. Mama anapowasha mbabula anahitaji makala, hewa na kibiriti. Motere ya esanse ni vilevile. Inahitaji esanse iliyochanganyika na hewa kwa kipimo, na kazi hiyo inafanywa na kabiratere. Inahitaji cheche kwa wakati wake, na hiyo ni kazi ya buji. Tena inahitaji mchanganyiko huo ubanwe vizuri ndani ya silinda. Kimoja kikikosekana, haiwaki. Vyote vitatu vikiwepo lakini bila kipimo, inawaka kwa kukohoa.

Kwa hiyo fundi mzuri hasemi «nafikiri ni kabiratere». Anauliza: kati ya haya matatu, ni lipi halipo? Kisha anapima, akianzia na lile lililo rahisi na lisilo na gharama.

Ikikataa kuwaka

Swali la kwanza: umeme upo? MGB za kwanza zina batri mbili za volti 6, zimefungwa pamoja kutoa volti 12, na zimefichwa nyuma ya viti, chini ya sakafu. Kwa kuwa hazionekani, zinasahauliwa. Jaribio lake halihitaji chombo chochote. Washa taa za mbele, kisha jaribu kuwasha motere. Kama taa zinafifia karibu kuzimika, batri ni dhaifu, au vichwa vyake vina ule unga mweupe na wa kijani. Vichwa vinasafishwa kwa maji ya moto yenye bikarbonati, vinakaushwa, vinakazwa, kisha vinapakwa vazelini. Mara nyingi ugonjwa unaishia hapo. Kama taa zinabaki kali na motere haizunguki kabisa, batri haina kosa. Tafuta kwenye waya na swichi ya kuzungushia motere.

Mwenye kipimo cha volti anaona zaidi. Batri nzima ya volti 12 iliyopumzika inaonyesha karibu 12.6. Motere ikizunguka inapaswa kupanda kati ya 13.5 na 14.5. Kama haipandi, batri haichajiwi, na kununua batri mpya ni kumwaga maji katika ndoo iliyotoboka.

Kuna waya mmoja mnene unaounganisha motere na mwili wa motokari, ili umeme urudi kwenye batri. Waya huo ukikatika au ukijaa kutu, umeme unatafuta njia nyingine, hata kupitia kamba ya chuma ya kuvutia kabiratere, na kamba hiyo inaweza kuwa moto wa kuunguza mkono. Watu wamebadilisha kamba ile mara tatu, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye waya.

Swali la pili: esanse inafika? Pampu ya MGB ni ya umeme, iko nyuma karibu na gurudumu, nayo inasema. Ukigeuza ufunguo bila kuwasha motere, inalia tik-tik-tik haraka, kisha inapunguza na kunyamaza kabiratere zikijaa. Ikilia bila kuchoka, inavuta hewa, au tangi ni tupu, au sindano ndani ya kabiratere haifungi na esanse inamwagika. Ikinyamaza kabisa tangu mwanzo, ama umeme haufiki kwake, ama midomo yake ya ndani imeshikana. Wenye MGB wanajua kuigonga polepole kwa mpini wa bisibisi. Ikianza kulia wanafika nyumbani, lakini wanajua kwamba hiyo si dawa. Kesho yake pampu inafunguliwa.

Swali la tatu: cheche ipo? Katika motokari hizi cheche inagawiwa na delko. Ndani yake kuna platine, vyuma viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga. Nafasi kati yake ni milimita 0.35 mpaka 0.40, si zaidi ya unene wa kadi ngumu. Vikiungua au vikikaribiana sana, cheche inakuwa dhaifu. Kifuniko cha delko kikiwa na ufa mwembamba au unyevu, cheche inatorokea pembeni. Kitambaa kikavu tu kinaweza kuiponya asubuhi ya mvua. Buji nazo zinasema. Ikitoka nyeusi yenye masizi makavu, esanse ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa nyeupe kama majivu, hewa ni nyingi na motere inapata joto kupita kiasi. Rangi ya kahawia kama biskuti ni dalili njema.

Angalieni kwamba kabiratere, ambayo watu wengi hukimbilia kwanza, imekuja mwisho. MGB ina kabiratere mbili za jina la SU. Ndani ya kila moja kuna pistoni inayopanda na kushuka, na juu yake kuna kikombe cha oili nyepesi. Oili ikiisha, motokari inasitasita ukikanyaga mafuta. Wengine wameuziwa kabiratere mpya kwa sababu ya kukosa vijiko vichache vya oili.

Ikichemka

Ugonjwa mwingine ni joto. Hapa kuna sheria moja isiyo na mchezo: radiatere ya moto haifunguliwi. Maji yaliyobanwa yanaruka na kuunguza uso. Ngojeni ipoe kabisa.

Kisha anzeni na yaliyo rahisi: maji yamepungua? Mkanda unaozungusha pampu ya maji umelegea? Mpira wa bomba umepasuka? Nyuma ya hayo kuna termostati, mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye radiatere mpaka motere ipate joto. Kuipima ni kazi ya jikoni. Itoe, itumbukize katika sufuria ya zamani yenye maji, weka juu ya moto. Nyingi za MGB zinaanza kufunguka karibu na digri 82, yaani mbele ya maji kuchemka. Maji yakichemka na mlango ukabaki umefungwa, umempata mwizi. Sufuria hiyo isirudi tena kupikia chakula.

Kusimama mbele ya kukimbia

Sasa tuje kwa kuboresha. Mwenye motokari ya mbio anatamani kwanza nguvu zaidi. Wenye ujuzi wanamwambia kinyume: kwanza isimame, pili ishike barabara, tatu ndipo ikimbie.

Breki za MGB ni diski mbele na ngoma nyuma. Maji ya breki yananyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo yanabadilishwa kila miaka miwili hivi. Mabomba ya mpira ya zamani yanavimba kwa ndani bila kuonekana, na motokari inavuta upande mmoja ukikanyaga. Oili ya motere haimiminwi kamwe mahali pa maji ya breki, kwa sababu inavimbisha mipira yote na breki zinakufa. Matairi ya zaidi ya miaka kumi yanabadilishwa hata kama meno yake yanapendeza.

Halafu kutu. Motokari ya paa la turubai haina paa la chuma la kuishikilia, hivyo nguvu yake iko katika masanduku marefu ya chuma chini ya milango. Yakiliwa na kutu chini ya rangi nzuri, mwili unajikunja, na mlango unakataa kufunga sawasawa. Kuweka motere kali juu ya mwili huo ni kama kumpa mzee mgonjwa mzigo wa kilo hamsini.

Baada ya hayo yako mabadiliko ambayo wengi wanayasifu. Platine inaondolewa na kuwekwa kifaa kidogo cha elektroniki ambacho hakiungui wala hakihitaji kupimwa kila mara. Batri mbili za volti 6 zinabadilishwa kwa moja ya volti 12. MGB za mpaka 1967 zina dinamo, na upande wa chanya wa batri ndio uliofungwa kwenye mwili, kinyume cha motokari za leo. Wengine wanaugeuza na kuweka alternatere. Fyuzi zinaongezwa, maana za kwanza zilikuwa na mbili tu kwa motokari nzima, na waya usio na fyuzi unaweza kuwasha moto. Mabomba ya esanse nayo yanabadilishwa, kwa sababu tangu 2021 esanse ya kawaida ya Uingereza ina mpaka asilimia 10 ya pombe ya etanoli, inayokula mipira ya zamani.

Wote wanashika kanuni moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, ndipo uende kwa kingine. Aliyebadilisha vitu vitano siku moja, motokari ikipona hajui kilichoiponya, na ikizidi kuumwa hajui kilichoiumiza.

Jambo linalotuhusu sisi wenye watoto

Kuna sura moja ya habari hii ambayo naomba kila mama aisome mara mbili. MGB ilitengenezwa kutumia esanse yenye risasi. Sisemi risasi ya bunduki, bali yale madini mazito na laini. Katika miaka ya 1920 Wamarekani walianza kuyatia katika esanse ili motere zisigonge. Risasi ilisaidia pia kukinga mahali ambapo valvu za moshi zinakaa. Lakini ilitoka kwa moshi, ikaingia katika hewa na vumbi, na watoto wakaivuta na kuila. Hatari yake ilijulikana mapema, maana mwaka wa 1924 wafanyakazi walikufa huko New Jersey katika kiwanda kilichoitengeneza. Bado dunia iliendelea kuitumia kwa miaka mingi.

Risasi inaharibu ubongo wa mtoto unaokua. Mtoto anaweza kuonekana mzima, anacheza, lakini darasani hakumbuki, hatulii, hafuati. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Uingereza iliacha kuuza esanse hiyo kwa watu wote mwisho wa 1999. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006. Ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka wa 2021. Wenye MGB waliitika kwa fundi. Waliweka pete za chuma kigumu mahali valvu zinapokaa, na motere zikaendelea bila risasi.

Kwetu risasi imeondoka katika esanse, lakini imebaki ndani ya batri. Batri ya motokari au ya sola iliyokufa ni kilo nyingi za risasi na asidi. Ikipasuliwa uani ili kuyeyusha vyuma vyake, moshi na vumbi vinaingia katika udongo ambao watoto wanachezea. Tukatae kazi hiyo karibu na nyumba na shule. Batri ya zamani iuzwe nzima, bila kufunguliwa, kwa anayezikusanya. Anayefanya kazi hiyo abadilishe nguo na aoge mbele ya kumbeba mtoto. Vyuma hivyo visiyeyushwe katika chombo cha jikoni. Na batri inapochajiwa, iwekwe mahali penye hewa, mbali na moto, kwa sababu inatoa gesi inayolipuka.

Wanawake na motere

Msidhani mambo haya ni ya wanaume. Mwaka wa 1888, huko Ujerumani, mama Bertha Benz alichukua watoto wake wawili wa kiume na kusafiri kwa motokari ya mume wake zaidi ya kilomita 100, safari ambayo hakuna aliyewahi kuifanya kwa motokari. Njiani bomba la esanse liliziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipoisha, akamwomba fundi viatu azivike ngozi.

Na zile kabiratere za SU tulizozitaja zina mwanamke katika historia yake. Wakati wa vita ya pili ya dunia, ndege za Waingereza zenye motere ya Merlin, iliyotumia kabiratere ya SU, zilikuwa zinakatika nguvu rubani akiinamisha pua kwa ghafula. Mnamo 1941 injinia Beatrice Shilling, mwanamke aliyekuwa pia bingwa wa mbio za pikipiki, alipata dawa: kipande kidogo cha chuma chenye tundu, kuzuia esanse isiingie nyingi kupita kiasi. Hakubadilisha motere. Aliuliza ni kipi kimezidi, akakipunguza.

Mwaka wa 1960, mwaka uleule nchi yetu ilipopata uhuru, Pat Moss na mwenzake Ann Wisdom walishinda mashindano ya Liège–Rome–Liège, yaliyoanzia Ubelgiji na kuchukua siku nne, kwa motokari ya Kiingereza aina ya Austin-Healey 3000. Motokari yao ilitayarishwa palepale Abingdon. Waliwashinda wanaume wote.

Kwa kikundi chetu

Basi, wamama, tukichukua haya mpaka kwenye mashine yetu ya kusaga, tufanye hivi. Tununue daftari moja likae karibu na mashine. Ndani yake tuandike tarehe ya kila oili, kila buji, kila mkanda, na bei yake. Mashine ikisimama, mbele ya kuita fundi tuandike: ilisimama ghafula au polepole? Ilikuwa ya moto au ya baridi? Kuna harufu gani? Kitu gani kilibadilishwa mara ya mwisho? Kama mashine ni ya mazutu, haina buji, lakini maswali ya mafuta, hewa na kubana ni yaleyale.

Fundi akifika na kusema «tununue pampu mpya», mama mmoja amuulize kwa heshima: «Papa fundi, umepima nini mbele ya kusema hivyo? Tuonyeshe.» Fundi anayejua kazi atafurahi kuonyesha. Na kipande cha zamani kirudishwe mikononi mwetu mbele ya malipo.

Tena tuchague wasichana wawili wasimame karibu na fundi anapofanya kazi, waone, washike funguo, waulize. Darasani naona wasichana wanaopenda kujua kitu kinavyofanya kazi, na kila mara kuna mtu wa kuwaambia warudi jikoni. Mbabula, sufuria ya kupimia termostati na bikarbonati viko huko jikoni. Wanaweza kuanzia hapo.